Machozi ya Jumamosi

Kwako dada yangu mkubwa, Mwalimu wa darasa la pili, mwenye kalamu nyekundu isiyokauka,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kifua hakikusumbui tena kwa vumbi la chaki, na wale watoto wako hamsini na wawili hawajakumaliza sauti. Ukitaka kujua hali yangu, mimi sijambo kabisa. Nakula vizuri, nalala vizuri, na uzuri wangu umeongezeka kiasi kwamba mama amenikataza kusimama mlangoni muda mrefu. Mama naye hajambo. Goti lake la kushoto bado linatabiri mvua na bado linakosea. Anakusalimu sana, na anasema sweta ulilomtumia limemkaa vizuri mabegani. Mikono ni mirefu, anaikunja mara mbili, lakini hilo alinikataza nisikwambie.

Najua umeshangaa kuona bahasha yenye mwandiko wangu. Nimekupigia simu mara nyingi, na kila ukiona ni mimi unakata. Sikulaumu. Ila barua haina kitufe cha kukatia, ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi. Unaweza kuichana, hilo nalijua, lakini wewe ni mwalimu, na sijawahi kuona mwalimu akichana maandishi kabla ya kuyasahihisha.

Nianze na kazi, maana huko ndiko nina ya kujivunia. Kule karakana sasa hivi mageti yote makubwa napewa mimi. Mwezi uliopita nimetengeneza geti la zahanati, lina maua ya chuma pande mbili na katikati jua linalochomoza. Watu wanapiga picha mbele yake, wengine si wagonjwa hata kidogo. Fundi mkuu wetu, yule mzee tunayemwita Cheche kwa sababu ya hasira zake, alilizunguka mara mbili, akatafuta kasoro, akakosa, akasema si baya. Kwa mdomo wake hayo ni kama mtu mwingine kupiga vigelegele. Kwa hiyo dada, ukisikia watu wanauliza ni nani anayechomelea vyuma vizuri huku kwetu, wewe nyamaza tu, tabasamu, sema ni wa tumbo moja na wewe.

Sasa nimeshajisifu, nimepata nguvu, naweza kuingia kwenye jambo lenyewe.

Ni mwezi wa sita tangu nikuandikie ile barua nyingine. Naikumbuka neno kwa neno, maana niliiandika mara tatu ili iume vizuri. Nilikwambia kwamba kanisani kwenu mnasali kwa kusoma kitabuni, kwa sauti ya watu wanaoogopa kumwamsha mtoto. Nilikwambia imani yako ni baridi. Halafu, kama hayo hayatoshi, nikakuandikia kwamba siku tuliyomzika baba sikuona hata tone moja kwenye macho yako, ulikuwa unapanga viti na kuhesabu sahani, na kwamba mtu asiyeweza kulia mbele za Mungu moyo wake umeshakufa. Nikamaliza kwa kukwambia kwamba mimi nalia kila Jumapili.

Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Nilikuwa nalia kila Jumapili. Ngoja nikusimulie ilivyoanza.

Unalijua kanisa letu lile la matofali, viti vya plastiki na feni mbili, moja inazunguka na nyingine inatazama. Jumapili moja nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, pale ninapokaaga ili niweze kutoka kabla ya matangazo. Wimbo wa tatu haujaisha, machozi yakaanza. Si yale ya kufuta kwa kidole. Yalimwagika dada, yakalowesha kola na kifua cha shati. Macho yamekuwa mekundu, taa siwezi kuitazama, nimeinamisha uso kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Mchungaji akaona. Akanyamazisha kinanda, akaja mpaka nilipo, akaniwekea mkono kichwani na kuwaambia watu wamtazame kijana huyu, mchomelea vyuma, mikono yake migumu kama vyuma vyenyewe, jinsi Mungu alivyomlainisha.

Watu walilia. Yule mzee mnene anayeuza viatu, anayekaa mstari wa mbele na huwa anachezea funguo zake mahubiri yote, alilia mpaka akashindwa kusimama. Baada ya ibada nilishikwa mikono na watu ambao juzi yake walikuwa wananiita mhuni. Jumapili iliyofuata nikalia tena. Ya tatu nikalia tena, na jioni yake nikapewa uongozi wa kundi la maombi la vijana. Mimi! Niliyefukuzwa shule ya Jumapili kwa kumfunga mwenzangu kamba kwenye kiti.

Machozi yale yalitoka wapi nitakwambia. Usiniharakishe, barua ni yangu.

Nikawa kiongozi kweli kweli. Tuliomba kwa sauti mpaka mpangaji wa nyumba ya pili akahamisha kitanda chake upande wa barabarani, akasema malori yana adabu kuliko sisi. Nilikuwa napita kati ya viti nikisikiliza ni nani anaomba polepole, namwinamia sikioni namwambia aamke, Mungu hapokei minong'ono. Na mistari ya Biblia nilikuwa nayo mingi, naitema kama msumeno unavyotema cheche. Mtu akisema ana wasiwasi, nina mstari. Mtu akisema amechoka, nina mstari, tena wa kumfanya aone aibu kuchoka. Ila wewe uliyenifundisha kusoma utaniuliza niliisoma lini yote hiyo. Dada, sikuisoma. Niliiokota midomoni mwa watu. Mchungaji akisema mmoja naudaka, kwaya ikiimba mmoja naudaka. Kusoma kwangu unakujua, sura moja inanitoa jasho kuliko geti zima, na kiongozi mzima huwezi kuonekana unafuata maneno kwa kidole.

Sasa kuna mama mmoja pale kanisani, fundi cherehani. Anafundisha darasa la Biblia kabla ya ibada, kwenye kile chumba cha stoo wanachowekea ngoma zilizopasuka. Wanafunzi wake walikuwa wanne, mmoja analala. Mimi ndiye niliyempa jina la Mama Tuanzie-Juu. Ukimpelekea mstari wowote, hata uwe mtamu namna gani, anavaa miwani, anafungua, anasema kwa sauti yake ile ya mtu anayepima kitambaa, tuanzie juu kidogo. Basi mnarudi juu mistari kumi, ishirini, mnauliza nani anasema, anamwambia nani, kwa sababu gani. Mpaka mfike kwenye mstari wenu njaa imeshaingia. Nilikuwa nawaambia vijana kwamba lile si darasa, ni wodi ya mahututi, na tulicheka sana. Yeye alisikia, maana ukuta ule ni wa mbao.

Turudi karakana. Kuanzia hapo mwanzo wa machozi, nilikuwa nimeanza mtindo wa kuchomelea bila kinyago. Kinyago ni kile cha kufunika uso chenye kioo cheusi, maana mwanga wa kuchomelea ni mkali kuliko jua, hautazamwi kwa macho matupu. Cheche aliponiona alinitukana mpaka mbwa wa jirani akaondoka. Akaniuliza kama macho nimeazima, niseme ni ya nani ili amrudishie mwenyewe yakiwa bado mazima. Mimi nikamjibu kwa mstari. Nilisema imeandikwa kwamba malaika wamepewa amri ya kunilinda, hata mguu wangu hautajikwaa kwenye jiwe, sembuse macho. Na kesho yake nikachukua rangi nyekundu ya mageti nikayaandika maneno hayo ukutani, herufi kubwa, juu kabisa ya mashine. Cheche si mtu wa kanisani. Alitazama ukuta, akanitazama mimi, akasema yeye na malaika hawajawahi kufanya kazi pamoja kwa hiyo hawezi kubishana, akaenda zake.

Aliyeyaamini maneno yale kweli kweli ni Shemeji. Unamkumbuka Shemeji, yule fundi mrefu ambaye siku ulipokuja karakana na mvua alikuuliza kama mwavuli wako una nafasi ya mtu wa pili, na tangu hapo ananiita shemeji na sisi tukamwita hivyo hivyo. Alikuja kanisani siku moja kwa sababu yangu tu. Aliniambia ananijua mimi ni mwongo wa daraja la kwanza, kwa hiyo kama Mungu ameweza kuniliza mimi, yeye ni nani abaki nje. Akaokoka siku hiyo hiyo. Na dada, Shemeji hana mchezo wa nusu nusu. Pombe akaacha, matusi akaacha, deni la kinyongo alilokuwa nalo na kaka yake akalifuta kwa simu mbele yetu wote. Na miwani yake ya kazi, ile ya kujikinga na vipande vya chuma, akaitundika kwenye msumari chini ya maandishi yangu, kama ushuhuda.

Basi siku moja ya wiki Mama Tuanzie-Juu akaja karakana na mguu wa cherehani yake uliovunjika. Wakati namchomelea, akainua macho ukutani. Akasoma. Akaniuliza kwa upole haya maneno ameyasema nani. Nikacheka, nikamwambia mama, na miaka yote hiyo ya darasa hujui, ameyasema Mungu. Akaniuliza tena kama ninajua yako wapi. Kwa bahati mbaya nilijua, maana Mchungaji alishawahi kuitaja ile sura, nikamtajia kwa mbwembwe. Mama akafungua mkoba wake wa vitambaa, kati ya uzi na mkasi akatoa Biblia, akaifungua penyewe, akanipa. Akasema tuanzie juu kidogo.

Nikaanza kusoma. Kidole chini ya maneno, mbele ya watu wote. Cheche akazima mashine ili asikie. Nikasoma Yesu amekaa jangwani, ana njaa. Nikasoma amechukuliwa na kuwekwa juu ya mnara wa hekalu. Na amechukuliwa na nani, dada? Na anayemwambia ajirushe chini, kwamba malaika watamdaka, ni nani? Nilipofika hapo nikasimamisha kidole. Cheche akanihimiza niendelee, niseme nani. Nikasema Ibilisi. Cheche alicheka mpaka akakaa juu ya fuawe, akasema kumbe miezi yote hii tumekuwa tukifanya kazi chini ya tangazo la Shetani, tena kwa rangi yake ya mageti.

Mama yule hakucheka. Aliniambia maneno yenyewe ni ya kweli, yametoka kwenye Zaburi, ila Shetani naye anajua mistari kwa kichwa, tena kwa bidii kuliko mimi, na kazi yake ni kuikata katikati. Akasema bidii yangu anaipenda, asingependa izime, anaogopa tu inakimbia wapi. Akachukua mguu wake wa cherehani akaondoka.

Unadhani nilifuta? Ningefuta siku ile ile, barua hii ingekuwa fupi. Nilinuna dada. Nilimwambia Shemeji kwamba yule mama ni wa wale wa imani baridi, na kwamba wasomi wanaua roho. Shemeji alikuna kichwa, akasema ila uliposoma mimi nilisikia vingine. Nikamwambia asitikisike. Akasema haya, kiongozi.

Siku ya tatu yake Shemeji alikuwa anasawazisha nondo za dirisha kwa grenda, ile mashine ya mkono yenye jiwe linalozunguka. Sikusikia kelele ya mtu. Nilisikia grenda imeanguka sakafuni na inajizungusha yenyewe. Nilipogeuka Shemeji amepiga magoti, mkono mmoja juu ya jicho, na miwani yake inaning'inia msumarini hatua mbili kutoka alipo.

Mimi na Cheche tulimkimbiza kwa daktari wa macho. Kipande cha chuma kilikuwa kimekaa pembeni kidogo ya mboni. Daktari alikitoa kwa sindano huku mimi nimemshika Shemeji kichwa, na nakuapia niliogopa kuliko yeye. Kisha daktari akauliza miwani ya kazi ilikuwa wapi. Shemeji, bila aibu yoyote, akamweleza habari za malaika. Daktari akanitazama mimi, akauliza kama na mimi ni mmoja wao. Halafu akaniita karibu na taa, akanifunua kope, akaniuliza nimechomelea bila kinyago kwa muda gani. Akasema nikiendelea hivi, baada ya miaka michache mageti yangu nitayapapasa kwa mikono, sitayaona.

Lakini si hayo yaliyonivunja. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la nje, Shemeji na bandeji yake, tunamsubiri Cheche aliyekwenda kuchukua dawa. Akaniuliza, kwa upole kabisa, si kwa lawama, kama labda imani yake ilikuwa ndogo. Maana wewe, akaniambia, kila Jumamosi unavua kinyago na hujaumia, mimi nimevua miwani mwezi mmoja tu. Akaniomba nimwombee aongezewe imani. Dada, mimi mwenye mstari kwa kila kitu, niliinuka nikaenda kumfuata Cheche.

Nilirudi nyumbani, mama akanikuta ninaosha macho kwenye beseni. Akauliza, nikamwambia habari za Shemeji, na kwa sababu nilikuwa nimeshafunguka nikamwambia na habari za barua niliyokuandikia wewe. Yote, mpaka ile ya msiba. Mama alikaa chini polepole. Alishika goti, nikadhani linamuuma. Kisha akanisimulia ambacho hamkuwahi kunisimulia. Kwamba wiki ile ya mwisho wewe ndiye uliyekuwa unamgeuza baba kitandani, na baba alikuomba usilie mbele yangu, akasema huyu mdogo ana maneno mengi lakini akikuona wewe umevunjika hatakuwa na pa kusimama. Kwamba siku ya mazishi ulilia bafuni, na mama alisimama mlangoni akimimina maji kutoka ndoo moja kwenda nyingine ili nisisikie.

Niliyasikia yale maji, dada. Nilikuwa nimekaa barazani na sahani mkononi, nikauliza kwa sauti ni nani huyo anayefuja maji siku ya msiba.

Basi na mimi nikwambie ya kwangu, maana nimezunguka vya kutosha.

Machozi yangu yalikuwa ya kuchomelea. Mtu akitazama ule mwanga kwa macho matupu, wakati ule hasikii kitu. Baada ya saa kadhaa macho yanakuwa kama yamemwagiwa mchanga, yanavimba, yanamwaga machozi yenyewe, na taa haitazamiki. Kila fundi analijua hilo. Jumamosi ya kwanza ilikuwa bahati mbaya, kioo cha kinyago kilipasuka na mimi nilikuwa nataka kumaliza kazi. Mchungaji aliponiwekea mkono kichwani nilitaka kumwambia, naapa nilifungua mdomo, lakini watu walikuwa wananitazama kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kunitazama. Jumamosi iliyofuata nilivua kinyago kwa makusudi, kwa vijiti viwili vya mwisho vya kuchomelea kabla ya kufunga kazi. Na iliyofuata. Nilipima mpaka nikajua ni vijiti vingapi vinatosha ibada moja. Na ule mstari wa ukutani sikuuandika kwa imani, hata ile imani ya kijinga. Niliuandika ili Cheche aniache niharibu macho yangu kwa amani. Shemeji ndiye aliyeuamini. Mimi nilikuwa najificha nyuma yake tu.

Sitasema kila kitu kilikuwa uongo. Nilipoona watu wanamlilia Mungu nilitamani sana iwe kweli na kwangu, na kuna Jumapili nilisahau kabisa yametoka wapi, nikaimba kwa moyo wangu wote. Ila nilichukua machozi ya Jumamosi nikakupiga nayo wewe uliyelia kweli, kimya kimya, kwa ajili yangu. Nisamehe dada. Hakuna utani kwenye sentensi hiyo, usiutafute.

Kesho yake asubuhi nilimwendea Shemeji kwanza. Nilidhani atanipiga, na mikono yake unaijua urefu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia niondoke. Nikaondoka. Nikaenda kwa Mchungaji, naye akanivua uongozi, akasema kama nataka kuwaambia watu mlango uko wazi, yeye hanilazimishi. Jumapili nilisimama mbele na macho makavu nikasema yote. Mzee wa viatu alikasirika sana. Alisema basi nimrudishie machozi yake. Watu wakacheka, na mimi nikaona kidogo hewa imerudi.

Nilipotoka nje Mama Tuanzie-Juu alikuwa ananisubiri. Nilimwambia tangu leo mimi nitakuwa mtu wa kimya. Akaniuliza ni nani ameniomba niwe kimya. Akasema darasa lake lina maana nzuri sana na linalala, na mimi ninaamsha watu vizuri sana ila wakiamka sina la kuwaambia, sasa tufanyeje? Akataka niwe msomaji wake, nisome kwa sauti, kwa ile ile sauti ya kumhamishia jirani kitanda. Nikamwambia nasoma kwa kidole. Akasema hata yeye anashona kwa kidole.

Siku ya kwanza alinipa barua ya Paulo, pale anapowasema ndugu zake kwamba juhudi kwa Mungu wanayo, tena kubwa, ila haina maarifa ndani yake. Nilifunga kitabu. Nilimwambia mama, si ungenisuta tu kwa mdomo wako. Akasema nianzie juu kidogo. Nikaanzia juu. Na unajua mstari wa juu yake unasema nini? Anasema shauku ya moyo wake na maombi yake kwa Mungu ni hao hao, waokoke. Kabla hajawakosoa, alikuwa anawaombea. Hapo nikakumbuka aliyoniambia mama yetu nyumbani, kwamba miezi yote hii unayonikatia simu, kila ukimpigia yeye unauliza kama nimekula.

Shemeji alikaa wiki mbili bila kunisemesha. Alirudi kazini na miwani yake usoni, akanikuta nimeshika msasa nataka kufuta ukuta. Akanizuia. Alisema maneno ya Mungu hayafutwi kwa msasa, yamaliziwe. Kwa hiyo juu tumeandika ni nani anayesema, na chini tumeandika jibu la Yesu, kwamba Mungu hajaribiwi. Ukuta umejaa mpaka kwenye swichi. Na Cheche, ambaye si mtu wa kanisani, ameongeza mstari wake kwa chaki: vaa kinyago, mjinga wewe.

Jicho la Shemeji linaona. Kuna ukungu kidogo pembeni, daktari anasema utapungua. Anakusalimu, na anasema kwa kukutazama wewe hata jicho moja linamtosha. Nimemwambia nitafikisha salamu na siyo hilo. Nimefikisha yote.

Darasa sasa tuko saba. Mzee wa viatu ni mmoja wao, na yule anayelala bado analala, ila sasa analala kwa shida. Na Jumatano Mama Tuanzie-Juu anakuja kwenye maombi ya vijana, anasimama nyuma, anapiga makofi yasiyofuata wimbo hata kidogo. Alinong'ona kwamba alikuwa hajaomba kwa sauti tangu ujana wake, na kwamba ametusikia kwa miaka kupitia ukuta wa mbao akitamani.

Juzi nilisoma sura nzima peke yangu, nimekaa kitandani, kidole chini ya mstari kama ulivyonifundisha. Ilinichukua dakika arobaini. Nilipomaliza nilielewa, dada, yote, kutoka juu mpaka chini. Nikasubiri machozi, kwa mazoea. Hayakuja. Nikabaki nimekaa tu, nimetulia, nikajua hivi ndivyo unavyokaa wewe.

Shule zikifungwa njoo. Mama ataficha mikono ya sweta, mimi nitakuonyesha geti. Salimia walimu wenzako, wasalimie na wale watoto hamsini na wawili, hasa yule anayekaa nyuma na kufunga wenzake kamba, mwambie asikate tamaa.

Na kama umefika mwisho wa barua hii na bado una hasira na mimi, usinijibu kutokea hapa chini. Anzia juu kidogo, pale niliposema shikamoo.

Ni mimi mdogo wako,
mchomelea mageti mwenye kinyago usoni,
msomaji wa darasa la stoo.